Goti Linauma kwa Mbele? Pima Kwanza, Ndipo Uchague Zoezi

Weka kidole panapouma. Kama maumivu yamezunguka pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, au yako nyuma ya kifupa hicho, na yanazidi ukishuka ngazi, ukichuchumaa au ukikaa sana kwenye daladala, endelea kutazama. Goti likiwa limevimba, linakwama, limeumia kwa kuanguka, au lina joto na una homa, zima video uende hospitali.

Sasa kaa kwenye kiti na uinuke, polepole, mara 5. Yape maumivu alama, 0 hadi 10.

Ni 4 au zaidi? Leo goti tuliache, tushughulikie nyonga. Lala ubavu, mguu unaouma uwe juu, umenyooka. Uinue kiasi cha shibiri mbili, tulia sekunde 2, shusha taratibu. Mara 10, seti 3. Tazama hapa: kisigino kiko nyuma kidogo ya mwili, vidole vinaangalia mbele. Vikigeukia dari, kazi inahamia mbele ya paja na tako linabaki bure. Wengi hukosea hapo, halafu wanasema zoezi halifai.

Ni 3 kushuka chini? Egemea ukuta, visigino sentimita 40 mbele. Teleza chini kidogo tu, kiasi cha nusu ya njia ya kwenda kukaa. Kaa hapo sekunde 10, rudia mara 8. Usiige wale wa jimu wanaoshuka hadi mapaja yawe sawa na sakafu: ukiwa umesimama, kadiri goti linavyokunjika ndivyo pia ya goti inavyozidi kukandamizwa kwenye mfupa wa paja. Magoti yakitaka kukutana, funga mpira wa mazoezi, ule wa mkanda, kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti, uusukume kwa nje.

Hilo likizoeleka, panda kwenye tofali lililolazwa, usimamie mguu unaouma. Shusha kisigino cha mguu mwingine kiguse sakafu huku ukihesabu hadi 3, kisha panda. Kiuno kikining'inia upande mmoja, rudi kwenye zoezi la kulala ubavu.

Fanya siku 3 kwa wiki, ukiruka siku katikati. Maumivu yasipite 3 wakati wa zoezi. Kesho yake asubuhi likiuma kuliko jana, punguza idadi kwa nusu. Usiache kabisa, maana paja linalolala hudhoofika haraka. Mlio wa goti usio na maumivu usikutishe. Nafuu ya kueleweka huchukua wiki 6 hadi 12; zikipita bila mabadiliko, muone mtaalamu wa fiziotherapia akukague unavyotembea.