Daftari la Fundi na Siku 66

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia tabia na ujuzi unaomwongezea mtu kipato, na nimemwomba mwenzangu aanzie kwenye cherehani, kwa kuwa aliikalia kwa miaka saba kabla hajakaa mbele ya maikrofoni.

DAUDI: Ahsante, dada Zuhura. Nilijifunza kushona kibarazani kwa ami yangu, na miaka minne ya mwanzo nililipwa kwa kipande: nguo iliyokwisha ina malipo, isiyokwisha haina. Nikaamini kwamba anayetaka fedha zaidi hana budi kushona haraka zaidi, hivyo kila Idi ilipokaribia nililala saa nane za usiku, na asubuhi nikafumua nilichokishona kwa usingizi. Pale kibarazani mtu mmoja tu hakuwa na pupa, naye ni mkataji, ambaye alitupita sote kwa malipo ilhali cherehani hakuigusa mpaka jioni.

ZUHURA: Asiyeijua kazi hii anaweza kudhani kwamba ugumu uko kwenye kushona. Kwa nini mkataji alipwe zaidi?

DAUDI: Mshono ukipinda hufumuliwa, lakini kitambaa kikishapitiwa na mkasi hakirudi, na mteja aliyeleta kitambaa cha harusi hataki kusikia habari za kitambaa kingine. Mkataji ndiye anayeibeba hasara hiyo mabegani. Nilipolitambua hilo, nikaanza kujifunza kukata kwa magazeti ya zamani. Kila asubuhi, nikishaitia cherehani mafuta, nilikata bega na kwapa la gazeti, nikalilaza juu ya kipande alichokata ami, nikaangalia wapi nimezidisha na wapi nimepunguza. Haikuchukua zaidi ya dakika 20. Gauni la kwanza la kitambaa nililikata baada ya miezi mitano, na kwapa likabana.

ZUHURA: Mwenye gauni alisemaje?

DAUDI: Alikuwa shangazi yangu, kwa hiyo alisema mengi.

ZUHURA: Umetaja kutia mafuta, na hapo ningependa tusimame kidogo. Wengi wamesikia kwamba tabia mpya hukomaa kwa siku 21. Hesabu hiyo inatokana na maneno ya Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku zipatazo 21 kuizoea sura mpya. Hakuwa akizungumzia kuweka akiba wala kujifunza kazi. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja dogo na kuliambatanisha na kitu anachokifanya kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa, kama wewe ulivyoambatanisha kukata magazeti na kutia mafuta cherehani. Walikadiria kwamba mtu wa kati huhitaji siku 66, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

DAUDI: Hilo la kuruka siku lingenipunguzia majuto mengi. Niliwahi kuugua malaria kwa juma zima, nikarudi nikidhani kwamba nimepoteza kila kitu, kumbe mkono ulikuwa bado unakumbuka.

ZUHURA: Ndiyo maana siwaamini wanaohimiza kila mtu aamke saa kumi alfajiri ili afanikiwe. Mimi huamka saa hiyo kwa sababu ya mtoto, na utajiri sijauona. Mama yangu, ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote, huweka akiba kila Jumatano kwa sababu Jumatano ndiyo siku ya kikoba chao: sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, na kila mtu hununua hisa kuanzia moja hadi tano mbele ya macho ya wenzake. Utaratibu wa namna hiyo ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, ukasambaa hadi huku kwetu. Mama hukiri mwenyewe kwamba fedha hizo zingebaki ndani ya kanga, zisingefika Ijumaa.

DAUDI: Mimi nilikosa mashahidi wa namna hiyo kwenye jambo lililonigharimu zaidi, nalo ni ahadi. Mafundi tunajulikana kwa "njoo kesho", na sifa hiyo tumeitafuta wenyewe. Siku moja nilinunua daftari la kaunta, nikaanza kuandika vipimo vya kila mteja, fedha aliyotanguliza, na siku niliyomwahidi. Baada ya mwezi mmoja daftari likaniumbua: kwa Ijumaa moja nilikuwa nimeahidi nguo 14, nami kwa juma zima siwezi kumaliza zaidi ya tisa. Nilikuwa nadanganya bila kukusudia. Nikaanza kukataa kazi ya kumi, na baadhi ya wateja waliondoka kwa hasira, lakini waliobaki hawakubishania bei tena kwa sababu walijua wakija Ijumaa watavaa.

ZUHURA: Na cheti ulikitafuta lini?

DAUDI: Baadaye sana, shule moja iliponiuliza cheti kabla ya kunipa kazi ya sare. Hapa Tanzania, VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwarasimishia ujuzi wao. Mtu huulizwa na kufanyishwa kazi kwa mikono yake, kisha hufundishwa pale anapopungukiwa. Mimi nilipungukiwa na hesabu za gharama. Nilikuwa sijawahi kuhesabu uzi, vifungo wala umeme katika bei ya shati.

ZUHURA: Daftari lile la kwanza bado unalo?

DAUDI: Lipo nyumbani. Ukurasa wa kwanza una vipimo vya shangazi, na kipimo cha kwapa kimepigiwa mistari miwili.