Kidonge kimoja cha skuli na minyoo ya mjeledi: mhadhara uliotolewa Chake Chake

Assalamu alaykum. Karibuni masheha, walimu, wauguzi, wahudumu wa afya wa shehia, na nyinyi wazazi mliojaa huko nyuma. Sogeeni mbele, viti vipo.

Nitakwenda moja kwa moja kwenye kile kidonge cha albendazole cha miligramu 400 ambacho watoto wetu hupewa skuli. Kidonge kile kina kazi yake na kazi hiyo kinaifanya. Taabu inaanza pale mtoto anapoumwa na tumbo wiki kadhaa, anaharisha makamasi yenye damu, mzazi anakwenda dukani ananunua kidonge hichohicho, anampa kimoja, halafu anatulia akijua minyoo imekwisha. Kwa aina moja ya minyoo, haijakwisha. Na utafiti ulioonyesha hivyo haukufanywa mbali, umefanywa hapahapa Pemba na kule Unguja.

Minyoo inayopatikana kwa udongo tunayoihesabu ni ya aina tatu. Ile mikubwa ya duara, ambayo wengi mnaijua kwa macho kwa sababu mtoto huitoa nzima. Safura, inayoingia kwa ngozi ya mguu, ikajishikiza kwenye utumbo mwembamba na kunyonya damu. Na mjeledi. Huu wa tatu ndio nitakaokaa nao sana leo, kwa sababu ndio unaoshinda dawa zetu.

Mjeledi una urefu wa sentimita 3 hadi 5. Sehemu yake ya mbele, zaidi ya nusu ya mwili, ni nyembamba kama uzi, na uzi huo wote hujichomeka ndani ya ngozi ya utumbo mpana, pale unapoanzia. Nje hubaki mkia mnene tu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hayo yakitoka na choo hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji kukaa kwenye udongo wenye kivuli na unyevu kwa wiki mbili hadi nne hivi ndipo yakomae. Yakimezwa, kwa mkono mchafu au kwa mboga isiyooshwa, huchukua miezi miwili hadi mitatu mpaka minyoo mipya ianze kutaga. Shikeni hiyo miezi miwili hadi mitatu, tutaihitaji baadaye.

Mtoto mwenye mjeledi michache huenda asionyeshe dalili yoyote. Mwenye mingi huharisha kwa muda mrefu, choo kina damu na makamasi, damu mwilini inapungua, kimo kinadumaa, na kwa wachache njia ya haja kubwa hutokeza nje akijikamua. Kusaga meno usiku, kula udongo, tumbo kuwa kubwa: hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitisha minyoo. Nasema hivi kwa sababu watoto wengi hutibiwa kwa kusaga meno. Anayetaka kujua apime choo.

Kipimo kinachotumika zaidi kwa kazi hii ni kile cha kigae cha Kato-Katz, na hapa naomba watu wa maabara wanisikilize, kwa sababu majibu mengi ya uongo huzaliwa mezani kwao. Choo hukandamizwa kwa wavu wa nailoni ili makapi yabaki chini, kile laini kinachopita juu hukwanguliwa na kujazwa kwenye tundu la kibati linalobeba miligramu 41.7. Kibati kikiinuliwa kinabaki kidonge kidogo cha choo juu ya kioo. Juu yake huwekwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani, kioo hugeuzwa na kubonyezwa mpaka choo kitandazike sawa. Gliserini husafisha taka ili mayai yaonekane. Sasa hapo ndipo pana mtego: gliserini hiyohiyo huyafuta pia mayai ya safura. Kioo kikisomwa ndani ya dakika 30 hadi 60, safura inaonekana. Kikiachwa mpaka mtu arudi kutoka sala na chakula cha mchana, safura haipo, na mgonjwa anaandikiwa kuwa hana. Yai la mjeledi ni gumu zaidi, lina umbo la pipa na vizibo viwili, kimoja kila ncha, wala huwezi kulichanganya na jingine ukishaliona vizuri.

Idadi ya mayai uliyoyaona huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai kwa gramu moja ya choo. Ukiona 10, hiyo ni 240. Kwa mjeledi, chini ya 1,000 ni mzigo mwepesi, kuanzia 1,000 hadi 9,999 ni wa kati, na 10,000 kwenda juu ni mzito. Maana yake mayai 42 tu kwenye kioo kimoja yameshamvusha mtoto kutoka mwepesi kwenda wa kati. Na upande wa pili, ukisoma kioo kimoja ukakuta sifuri, unachoweza kusema ni kwamba hukuona. Mwenye mzigo mdogo sana hupita hivihivi. Ndiyo maana watafiti huchukua choo cha siku mbili, vioo viwili kila siku, kisha jumla ya vioo vinne huzidishwa kwa 6. Choo cha maji hakifai kabisa kwa kipimo hiki, hakikai kwenye tundu. Hicho kisomwe kwa njia nyingine. Na kopo la choo lisishinde juani kwenye keria ya baiskeli: liletwe asubuhi ileile, limefunikwa, kivulini.

Vipo vipimo vipya. Vya vinasaba vinakamata maambukizi madogo ambayo darubini inayakosa, ila vinataka mashine, umeme usiokatika na vitendanishi vya bei. Kule Kwale, Kenya, wamejaribu darubini ndogo inayopiga picha ya kioo cha Kato-Katz na akili mnemba ikayatafuta mayai. Mimi naliona hilo ni jambo jema kwa sehemu zenye mtaalamu mmoja na foleni ya vioo, lakini choo kilichotandazwa vibaya hata kompyuta haikisomi.

Tuje kwenye dawa. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio mengi kwa pamoja. Dozi moja ya albendazole huponya takriban asilimia 96 ya wenye minyoo mikubwa ya duara, na karibu asilimia 80 ya wenye safura. Kwa mjeledi ni kama asilimia 31 tu. Uchambuzi huo ulionyesha pia kwamba nguvu ya albendazole kwa mjeledi imekuwa ikishuka: mwaka 1995 ilipunguza mayai kwa takriban asilimia 73, mwaka 2015 ikawa kama 43.

Kwetu hali imekuwa mbaya kuliko wastani huo. Katika jaribio lililofanywa Pemba kwa watoto wa skuli mbili na kuchapishwa mwaka 2014, walioponywa mjeledi kwa albendazole peke yake walikuwa asilimia 2.6. Katika watoto mia, hawafiki watatu. Mebendazole, dawa nyingine ya minyoo, ikaponya asilimia 11.8. Waliopewa albendazole pamoja na dawa iitwayo oxantel pamoate walipona asilimia 31.2, na mayai yakapungua kwa asilimia 96. Hebu tofautisheni hesabu hizo mbili. Kupona ni kutoonekana yai hata moja. Kupungua kwa mayai ni mzigo kushuka. Mtoto aliyeshuka kutoka mayai 12,000 hadi 400 hakupona kwenye karatasi, lakini utumbo wake umepumzika. Ndiyo maana nasema kidonge cha skuli kina kazi yake: kinapunguza mzigo wa kijiji kizima, hasa wa safura na minyoo mikubwa. Hakikutengenezwa kumponya Fulani bin Fulani aliyekaa mbele ya daktari.

Kuchanganya dawa ndiko kulikoonyesha njia. Utafiti wa Unguja uliochapishwa mwaka 2010 uliona albendazole peke yake inaponya asilimia 10, ikiongezwa dawa nyingine iitwayo ivermectin inafika 38. Pemba tena, mwaka 2015: albendazole na ivermectin asilimia 27.5, albendazole na oxantel asilimia 68.5. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa nchi tatu kwa mpigo, kwa watu wa miaka 6 hadi 60. Hapa Pemba mchanganyiko wa albendazole na ivermectin uliponya asilimia 49, albendazole pekee asilimia 6. Laos 66 kwa 8. Côte d'Ivoire, 14 kwa 10! Dawa ileile, dozi ileile. Baadaye vinasaba vikaeleza: mjeledi wa kule ni aina nyingine, imepewa jina Trichuris incognita. Kwa hiyo tusibebe matokeo ya nchi moja tukayabandika kwa nyingine bila kupima.

Ivermectin si ngeni kwenu. Wazee mnakumbuka vidonge vya matende vilivyoanza kugawiwa Zanzibar nzima mwaka 2001: ilikuwa albendazole na ivermectin. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza mchanganyiko huo kwenye orodha ya dawa muhimu kwa minyoo ya udongo. Dozi ya ivermectin ni mikrogramu 200 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 30 anahitaji miligramu 6, yaani vidonge viwili vya miligramu 3, pamoja na albendazole 400. Asipewe mtoto chini ya kilo 15 wala mjamzito, na aliyejifungua asubiri wiki moja ipite. Kule Afrika ya Kati wana mdudu aitwaye Loa loa anayeifanya ivermectin kuwa hatari. Visiwani kwetu hayupo, lakini mgeni aliyetoka misitu ya huko aulizwe kwanza.

Sasa kuna kidonge kimoja kilichounganisha dawa hizo mbili, kinachoyeyuka mdomoni. Kilijaribiwa Kenya, Ethiopia na Msumbiji kwa watoto wa miaka 5 hadi 18, matokeo yakatoka mwaka 2025: kwa mjeledi, dozi ya siku moja iliponya zaidi ya asilimia 80, ya siku tatu mfululizo zaidi ya 95. Na ipo emodepside, dawa iliyoanzia kwa paka na mbwa. Jaribio lake la kwanza kwa wagonjwa wa mjeledi lilifanywa Pemba kwa watu wazima na kuchapishwa mwaka 2023. Miligramu 5 tu ziliponya takriban asilimia 85, albendazole 17. Wengine waliumwa na kichwa, wakaona ukungu machoni, kisha ikapita. Inamshambulia mnyoo kwa njia tofauti kabisa na albendazole, na hilo ndilo linalonipa matumaini kuliko asilimia zenyewe. Madukani bado haipo. Atakayekuuzia ya paka, mkatalie.

Basi mgonjwa mmoja mwenye mjeledi uliothibitishwa leo atibiweje? Si dozi moja. Albendazole miligramu 400 kila siku kwa siku tatu, au mebendazole miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku tatu, na pakiwa na ivermectin daktari aongeze. Choo kirudiwe kupimwa kati ya siku ya 14 na ya 21. Ukipima siku ya nne utaona mayai yaliyobaki njiani ukadhani dawa imeshindwa. Ukipima baada ya miezi mitatu huwezi kujua kama ni minyoo ya zamani au mipya, ile miezi niliyowaambia mshike.

Walimu, kidonge kitafunwe, kisimezwe kizima. Mtoto mdogo asagiwe, kichanganywe na maji safi, na asishikwe pua wala kulazwa chali akilia, kwani hapo ndipo watoto hupaliwa. Wa mwaka mmoja hadi miwili hupewa nusu, miligramu 200.

Kuhusu damu: mtoto wa safura mwenye weupe wa viganja anahitaji madini ya chuma, lakini si kwa kubahatisha. Utafiti mkubwa wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, uliwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki bila kuwachagua wakati malaria ilikuwa imeshamiri. Hatari ya kufa au kulazwa hospitali ikapanda kwa asilimia 12. Apimwe damu na malaria kwanza.

Mama aliyenyoosha mkono pale nyuma anauliza kwa nini wanawe hurudiwa kila mwaka. Mama yangu, si dawa peke yake iliyoshindwa. Tafiti zikijumlishwa, mwaka mmoja baada ya kutibiwa, mjeledi hurudi kufikia asilimia 82 ya kiwango cha awali, kwa sababu mayai yaliyomo uani hayakumeza dawa. Nyumbani pawe na choo chenye sakafu inayosafishika, kinachotumiwa hata na watoto wadogo. Kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni, sio mgombani. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Na ukiwatibu, watibu wote wa nyumba moja siku moja, pamoja na bibi yao anayewalisha, maana yeye hagawiwi kidonge skuli.