Mnaniuliza kichwa cha Mangi kiko wapi. Haya, tukae tuongee

Jamani hamjambo. Leo video yangu haina theluji wala bei za dukani za Berlin. Nimekaa nyuma ya nyumba kwa mama, hapa Old Moshi. Mkisikia mbuzi mjue ni wa baba mdogo, sijamwalika.

Swali ni lile lile. Ikifika mwisho wa mwezi wa pili linaanza kuingia, tarehe 2 Machi linajaa ukurasa mzima: "Wewe si uko Berlin? Mbona huendi kuuliza kichwa cha Mangi Meli?" Mwaka huu limezidi kwa sababu nimekuja likizo. Hata bodaboda aliyenipandisha kutoka Kiboriloni ameniuliza nimekibeba kwenye begi lipi.

Nimenyamaza siku nyingi kwa makusudi. Nikieleza ya kule, najidai. Nikisema kazi ngumu, nalalamika wakati kuna watu hapa wanatafuta nauli ya kufika Boma. Basi atakayesema najidai aseme, nimezoea, ila asikilize kwanza.

Kisa chenyewe siwasimulii, mnakijua kuliko mimi. 2 Machi 1900, Mangi Meli, chifu wetu wa Old Moshi, akanyongwa na Wajerumani hapa hapa, pamoja na viongozi wenzake 18, na inasemekana kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mimi nawaeleza upande wa pili, upande wa makabati na karatasi, ambao ndio unaoniletea maneno.

Wengi mnadhani kuna kabati la kioo, mimi nikate tiketi, niingie, ninyooshe kidole niseme "yule wetu". Hakuna kitu kama hicho. Yale mafuvu yako stoo, hayaonyeshwi kwa watu. Aliyeyakusanya ni daktari mmoja akiitwa Felix von Luschan, aliyekuwa akipokea mafuvu kutoka makoloni. Tangu 2011 yako chini ya taasisi ya serikali inayosimamia makumbusho ya Berlin. Walipoanza kuyachunguza yale ya Afrika Mashariki yalikuwa takriban 1,100, mengi ya Rwanda, na mia mbili na ushee ya huku kwetu. Septemba 2023 wakatoa majibu ya vinasaba: matatu yamelingana na ndugu walio hai, hapa Uchagani. Moja ni la Akida, mshauri wa karibu wa Mangi Meli. Mangi mwenyewe hakuwamo kwenye yale majibu. Taasisi ikasema iko tayari kurudisha, na kilichobaki ni serikali kuzungumza na serikali.

Sasa hapo mimi naingilia mlango upi? Mimi nalea wazee. Nabadilisha shuka, nagawa dawa, naandika ripoti ya kila kikombe cha maji alichokunywa bibi wa chumba cha kona. Mlango wa stoo ya makumbusho haufunguliwi na kitambulisho cha nyumba ya wazee.

Na kabla hujaniambia "ungejaribu tu", ngoja nikueleze jinsi mwaka wangu ulivyokuwa. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaisha. Nikaomba miadi mapema, kama wanavyoagiza. Miadi ikaja baada ya kibali kwisha. Nikapewa karatasi ya muda, unaikunja mara tatu inaingia kwenye pasi, ndiyo inayosema wewe bado ni mtu halali. Kisheria naruhusiwa kusafiri nayo nikarudi. Nenda sasa kwenye kaunta ya uwanja wa ndege. Dada akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akamwita mkubwa wake, mkubwa akaipiga picha, akapiga simu. Foleni nyuma yangu inaguna. Mimi nimesimama na begi limejaa viatu vya watoto wa watu mlioniagiza, nasubiri kujua kama nitakwenda kwetu. Nikalipa na faini ya uzito juu yake. Hiyo hamkuiona kwenye video, niliwawekea ile ya mawingu.

Na wanaouliza kwa nini nimekuja Machi wakati Wachagga wote huja Desemba: Desemba nauli inakaribia mara mbili, na kazini wenye watoto wa shule ndio wanaochagua likizo kwanza. Mimi wa kutoka mbali nachukua makombo ya kalenda. Safari hii makombo yameangukia tarehe ya Mangi, nikashukuru.

Nikashukuru mpaka nilipofungua kundi la WhatsApp. Orodha ya michango ya kumbukumbu. Wa hapa kijijini, kila mtu anavyoweza. Wa Arusha na Dar, elfu hamsini. Halafu kamstari chini, "Diaspora: euro 200", na jina langu limeshaandikwa, bila simu, bila hata "mwanangu unaonaje". Baba mdogo, najua unatazama, shikamoo, na najua ni wewe uliyeandika. Sikatai kutoa. Lakini euro 200 kwangu ni chakula cha mwezi, na siku ninayochukua kuja kusimama hapa hailipwi na mtu.

Ndiyo maana hizi tarehe naziangalia kwa jicho tofauti siku hizi. Kule tarehe 3 Oktoba maduka yanafungwa, siku ya Ujerumani mbili kuwa moja, 1990. Nikawauliza wazee wangu kazini, mbona msipumzike 9 Novemba, siku ukuta ulipoanguka 1989, ndiyo watu walilia? Babu mmoja akaniambia hiyo tarehe ni chafu. 9 Novemba 1938 ndio usiku wa kuchoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi. Huwezi kuwasha fataki siku hiyo. Kwa hiyo wakachukua tarehe ya kwenye mkataba, tarehe ya karatasi, haina damu. Niliona wamefikiria.

Lakini karatasi hiyo hiyo wanajua kuichezea. Kuna mtaa Berlin ulikuwa unaitwa Petersallee, kwa heshima ya Carl Peters. Mnamjua, yule mkoloni wa Kijerumani, Mkono wa Damu, yule aliyemnyonga msichana Jagodja na kijana Mabruk hapa hapa Kilimanjaro. Watu wakapiga kelele miaka na miaka. Mwaka 1986 serikali ya mtaa ikafanya nini? Ikabadilisha maelezo tu: kuanzia leo mtaa huu unamkumbuka Peters mwingine, Hans Peters, mtu mwema. Jina kwenye kibao halikuguswa. Herufi zile zile, mtaa ule ule, halafu "tumeshughulikia". Nilicheka peke yangu kwenye treni nilipojua. Imechukua mpaka Agosti 2024 kibao kung'oka, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee na kingine kina jina la Anna Mungunda wa Namibia.

Na kuna kingine cha kwetu kabisa. Neukölln, hapo hapo Berlin, kulikuwa na mtaa wa Wissmann, yule aliyeongoza vita dhidi ya Mangi Sina wa Kibosho 1891. Tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wa Njoro, hapo chini mjini! Nesi, akasoma Ruskin College kule Oxford, akawa mbunge, akawa naibu waziri wakati wanawake bungeni walikuwa wa kuhesabika. Amefariki 21 Machi 1993. Niliweka picha ya kibao chake, mkanipa kupenda arobaini. Nikaweka picha ya supu, elfu moja na mia. Sawa.

Sasa yule ninayemkumbuka mimi kwa hiari yangu, bila kamati, wengi hamumjui. Berlin kuna vijiwe vidogo vya shaba vimezikwa kwenye njia za miguu, mbele ya nyumba walizokaa watu waliouawa na Wanazi. Kimoja kiko Brunnenstraße 193. Ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Kule alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alikuwa askari mtoto wa Wajerumani kwenye Vita ya Kwanza, yeye na baba yake. Vita ikaisha, mishahara haikulipwa. Mwaka 1929 akapanda meli, akaenda mpaka Berlin kwenye wizara kudai haki yake na ya baba yake. Wakamwambia amechelewa.

Nisikilizeni. Mtu kavuka bahari kufuata malimbikizo ya mshahara, kaambiwa muda wa kudai umepita. Mimi niliposoma hapo nilifunga kompyuta, nikaenda kusimama jikoni.

Akabaki. Akafanya kazi ya uhudumu hotelini, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, hata ile ya 1941 ya kumsifu huyo huyo Carl Peters. Akaoa Mjerumani. Aliomba nishani ya waliopigana vitani, wakamnyima. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Akafia huko, 24 Novemba 1944. Kwa hiyo Novemba nikitoka zamu ya usiku napitia pale na kitambaa, nafuta kile kijiwe. Dakika mbili. Siombi mtu mchango. Kuna mliosema nafanya kwa ajili ya kamera, na video hiyo hamjawahi kuiona kwa sababu haipo.

Turudi kwenye swali lenu. Rais wao, Steinmeier, alikuja Songea 1 Novemba 2023 akaomba msamaha kwa ya Majimaji. Ni jambo kubwa. Lakini yale mafuvu matatu yaliyojulikana hayakujulikana kwa hotuba. Yalijulikana kwa sababu kulikuwa na maandishi ya kuanzia, na kwa sababu watu wa hapa walikubali kutoa mate yao yapimwe. Mjukuu wa Mangi alitoa kipimo chake akiwa mzee.

Kwa hiyo mimi, na hii ni mimi na ukoo wetu tu, kila familia ina taratibu zake na wazee wake, msije mkasema nimewatuma: likizo hii nimekaa na bibi mkubwa na daftari. Nani alinyongwa, mwana wa nani, kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kilikuwa wapi, dada yake aliolewa wapi. Anayeulizwa hakuchoka, mimi ndiye niliyechoka. Amenisahihisha majina mpaka nimeanza ukurasa upya, na akanifukuza mara mbili kwa sababu nilikuwa namkatiza. Nakala moja inabaki hapa, moja kwa mwenyekiti wa ukoo. Kama kuna siku mtu wa serikali atauliza, tutakuwa na cha kumwonyesha. Kama familia yenu haitaki kuyagusa hayo, ni haki yenu, na mganga wa vinasaba msimtafute mtandaoni mkatapeliwa.

Baba mdogo, nimetoa euro 80. Nimempa mweka hazina mkononi, ameandika risiti. Ile 200 ifute kwenye kundi leo, watu wanaiona.

Wanaouliza habari za viza ya kulea wazee, video ipo, ni ya mwaka jana. Ada zimebadilika tangu hapo, kwa hiyo upande wa bei msiitegemee.