Nguvu sina, nitakula wapi? Habari za Paul Runyan kwa makedi na vijana wa gofu

Karibuni jamani, wa Kitante, wa Entebbe, na nyie mliotoka Jinja alfajiri, asanteni kwa kufika. Nimeomba muda kidogo kabla hatujatoka nje kwa sababu nimewaangalia mkifanya mazoezi, kila mtu kashika draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, ndoo nzima ya mipira inaisha kwa draiva, na grini ya mazoezi, zile nyasi fupi zenye shimo, iko pale tupu! Hiyo inaniuma kweli.

Sasa kuna mtu anaitwa Paul Runyan. Kazaliwa 1908 huko Hot Springs, Arkansas, Marekani, kwao wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na uwanja wa gofu ulikuwa jirani, basi akaanza kubeba mifuko ya watu, kedi kama nyinyi. Mwembamba, kilo 60 hazifiki, na mpira wake hauendi mbali, kila tii, pale pa kupigia mpira wa kwanza, wenzake wanamwacha nyuma. Mtu kama huyo atakula wapi? Yeye alikula karibu na shimo. 1934 akachukua ubingwa wa PGA, chama cha mapro wa gofu, yaani wachezaji wa kulipwa, wa Marekani, na mwaka huohuo ndiye aliongoza kwa pesa za mashindano Marekani nzima. Wakambandika jina, Sumu Ndogo.

Lakini ninayoipenda mimi ni fainali ya PGA ya 1938, kule Shawnee, Pennsylvania. Wakati ule walikuwa wanacheza mtu kwa mtu, shimo kwa shimo, na fainali ni mashimo 36. Mpinzani wake Sam Snead, kijana wa miaka 26, nguvu tele, swingi yake, yaani anavyozungusha fimbo, tamu ajabu, mpira wake unatua mbele kabisa ya ule wa Runyan. Snead anaingia grini na ayoni, fimbo ya masafa mafupi, Runyan bado anahangaika na fimbo kubwa za masafa. Na bado Runyan akashinda 8 kwa 7, yaani yuko mbele mashimo 8 na yamebaki 7 tu, mechi imekwisha kwenye shimo la 29! Hakuna fainali ya PGA ya mtindo ule iliyoisha kwa tofauti kubwa kuliko hiyo. Hebu jiwekeni kwenye viatu vya Snead, umempita mtu kwa mbali, unafika grini unakuta mpira wake umelala pembeni ya shimo, tena na tena, siku nzima. Moyo unavunjika bwana.

Alifanyaje? Alichipu, yaani alipiga ule mpira mfupi wa pembeni ya grini, kama anayesukuma mpira kwenye grini. Fimbo anaisimamisha, kisigino cha fimbo kinainuka kidogo kutoka chini, viganja vinatazamana, kifundo cha mkono kimetulia hakichezi, mabega ndiyo yanafanya kazi. Na hakupenda mpira ukae hewani bure, anataka utue mwanzo tu wa grini halafu ubingirike wenyewe mpaka shimoni. Shimo likiwa mbali anachukua fimbo isiyoinua sana, likiwa karibu anachukua wedji, fimbo inayoinua mpira juu, mkono ni uleule. Wengi wenu hapa mna fimbo moja mnaichipia kila kitu, hapo ndipo mnapopotezea. Halafu kwetu kuna mvua, grini ikilowa mpira haubingiriki kama mwezi wa kiangazi, kwa hiyo lazima uisome nyasi kwanza, na nani anazijua hizi nyasi kuliko kedi anayezikanyaga kila siku? Hata pro anayetoka nje anakuja kuwauliza nyinyi.

Kitu kingine, mchezo huu hauzeeki. Nguvu za draiva zinaondoka, lakini Runyan alichukua PGA ya wazee 1961 na tena 1962, ameshapita miaka 50, na aliendelea kufundisha mpaka uzeeni, akafariki 2002.

Haya, draiva zote zibaki humu ndani. Kila mtu achukue fimbo mbili na mipira mitano, tukutane ukingoni mwa grini, tunaanzia hatua tatu.