Mshipa umeshazibuliwa, mbona moyo bado hausukumi?

Naanza na hali ambayo wengi wenu humu mmeshaiona. Mgonjwa kaletwa na shambulio la moyo, mshipa ukazibuliwa kwa dawa au kwa puto, damu inapita, maumivu ya kifua yamekata, ndugu wameshusha pumzi, halafu kesho yake anapigwa eko, kile kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo unavyopiga, na upande uleule wa moyo hausogei. Ndugu wanaambiwa moyo umechoka, wanatoka pale wanalia. Hapo ndo naomba tuwe makini sana na maneno yetu, manake msuli usiosogea sio lazima uwe umekufa, kuna msuli uliokufa na kuna ulioduwaa. Ulioduwaa uko hai na damu unapata, ila haubani vizuri, na inaweza kuchukua masaa, siku, hata wiki kadhaa mpaka urudi.

Hili halikuanza jana. Mwaka 1975 mtafiti Heyndrickx na wenzake waliziba mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5 tu wakauachia, na msuli ukabaki dhaifu zaidi ya masaa 3, wakaziba dakika 15, udhaifu ukapita masaa 6. Yaani dakika kwa masaa! Mwaka 1982 watafiti Braunwald na Kloner wakaipa hali hiyo jina, msuli ulioduwaa (stunned myocardium), na madaktari wakaanza kuitafuta kwa wagonjwa.

Sasa kwanini damu ikirudi nguvu isirudi hapohapo? Damu ikikatika, kalsiamu inarundikana ndani ya seli, na damu ikirudi kwa ghafla ile oksijeni tuliyokuwa tunaililia inazalisha radikali huru, yaani chembe kali za kemikali, zinazochubua protini, zikiwemo zile zinazofanya msuli ubane, kwahiyo kalsiamu ipo lakini nyuzi za msuli haziisikii kama zamani. Seli inabidi ijikarabati, na ukarabati huo unataka muda, huwezi kuulazimisha.

Ila msinielewe vibaya, muda ambao mshipa umekaa umeziba ndo kila kitu. Kwenye majaribio ya wanyama, ikifika kama dakika 20 seli za tabaka la ndani zinaanza kufa, na kifo kinasambaa kwenda nje kadiri masaa yanavyopita. Kwahiyo mgonjwa wa kweli mara nyingi anavyo vyote viwili, katikati kovu, pembeni msuli ulioduwaa, na eko ya siku ya kwanza inavionyesha kama kitu kimoja. Kuvitofautisha inawezekana, unampa dobutamini kidogo, dawa ya kuuchochea moyo, huku unaangalia eko, msuli hai unaamka, uliokufa haujali, au MRI ya moyo inaonyesha kovu lilipo.

Kuna na msuli uliolala, huu ni mwingine, damu yake bado ni chache kwa muda mrefu, huo kuusubiri hakusaidii, mara nyingi unataka mshipa ufunguliwe. Ulioduwaa ndo wa kusubiri, na kusubiri sio kumwacha mgonjwa, presha ikishuka anasaidiwa na dawa au mashine mpaka msuli uamke.

Ndo maana miongozo inataka zipite angalau siku 40 baada ya shambulio, au 90 kama mshipa umefunguliwa, kabla ya kuamua kupandikiza kifaa cha kushtua moyo kwa sababu tu ya moyo dhaifu. Eko inarudiwa kwanza. Kwahiyo ndugu, mkipewa majibu ya siku ya pili, muulizeni daktari eko ya kurudia ni lini, na tarehe hiyo msiikose hata kama mgonjwa anajisikia mzima.