Mstari Mmoja wa Wasifu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Mmeniita nizungumzie Siku ya Mashujaa, nami naomba nianzie makaburini, maana wiki iliyopita tulimzika mzee wa mtaani kwetu.

Wengi tulimjua kwa ufundi wa baiskeli. Wasifu wa marehemu uliposomwa tulisikia kuzaliwa, ndoa, watoto saba, wajukuu. Katikati ukapita mstari mmoja: aliwahi kulitumikia jeshi. Msomaji akaendelea.

Ndipo mzee mmoja akanyanyuka kwa mkongojo, nyuma kabisa ya turubai, akaomba neno. Hakuwamo kwenye ratiba. Akaitaja namba ya jeshi ya marehemu, tarakimu moja moja, bila karatasi. Kisha akasema, "Huyu nilivuka naye Mto Kagera."

Turubai zima likanyamaza. Mjukuu aliyekuwa amekaa karibu nami akaninong'oneza, "Babu alipigana vita?"

Vijana, mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yaliuvamia mkoa wetu wa Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akatuambia uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Tunaisikia redioni hotuba ile hadi leo, lakini uwezo wenyewe ulikuwa watu. Wanamgambo waliitwa, wakaungana na askari wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, na sehemu kubwa ya njia ya kwenda Kampala waliikata kwa miguu. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mzee wetu akarudi nyumbani, akafungua sanduku lake la spana.

Wenzao waliokufa wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na taifa huenda kuwawekea mashada. Ni haki yao kabisa. Lakini aliyerudi hai, akafa kitandani miaka arobaini na zaidi baadaye, huyo kumbukumbu yake ni ya nani?

Pale Dar es Salaam tunapita Mnara wa Askari kila siku. Ulisimamishwa 1927 kwa ajili ya vita vya 1914 hadi 1918, na maandishi yake yanawataja hata wapagazi. Yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Mimi nimesimama pale nikajiuliza, jina gani? Wapagazi walikufa kwa maelfu, na wengi hawakuandikwa popote. Kilichobaki kwetu ni Kariakoo, neno lililotoka kwenye Carrier Corps, kikosi chao. Tunanunua nyanya juu ya jina lao.

Baada ya maziko nilimwona yule mjukuu amechuchumaa mbele ya mzee mwenye mkongojo, ana daftari la shule na kalamu. Mzee alikuwa anamtajia wenzake wa platuni, mmoja mmoja, akifumba macho kila anapotafuta jina. Chai ililetwa, ikapoa. Nilipoondoka walikuwa wamefika jina la kumi na moja.