Kwa Nini Nilikwenda Ripley na Sikwenda New York

Habari za saa hizi ndugu zangu. Leo najibu swali moja tu, maana kila nikipandisha video linarudi: "Dada, miaka yote hiyo uko Marekani, mbona hutuonyeshi New York? Kila siku vijiji." Nikionyesha gari, naringa. Nikisema kodi ya nyumba imepanda, nalalamika, basi nirudi, kwani nani alinituma. Naombeni leo mnisikilize mpaka mwisho.

New York ni nauli na hoteli, na akiba yangu ya mwaka huu imeliwa na karatasi. Kibali changu cha kazi kilichelewa kuhuishwa. Hapa ninapoishi, leseni ya udereva ya mgeni kama mimi inaisha siku ileile kibali kinapoisha, kwa hiyo kazi na gari vilisimama siku moja. Wiki tisa nimekaa ndani naangalia sanduku la barua. Na kuna watu wa nyumbani, wa damu kabisa, waliacha kupokea simu zangu kwa sababu pesa ya ada haikufika. Walisema nimebadilika. Hilo bado linaniuma, sifichi.

Kibali kilipofika nikajaza mafuta nikashika barabara ya kando ya mto Ohio, kutoka Cincinnati mwendo wa saa moja na ushei, mpaka Ripley, jimbo la Ohio.

Mji wenyewe ni mdogo, umeanzishwa mwaka 1812, na mtaa wake wa mbele unatazama maji. Ukisimama pale ni kama umesimama Magogoni unaitazama Kigamboni. Ng'ambo ni jimbo la Kentucky. Enzi zile, ng'ambo ile mtu aliuzwa kama ng'ombe, na huku Ohio utumwa ulikuwa marufuku. Katikati ni mto tu.

Kilimani kuna nyumba ya matofali ya mchungaji John Rankin, ya mwaka 1828. Vyumba vidogo, na humo yeye na mkewe Jean walilea watoto 13, huku wakiwaficha watumwa waliotoroka. Usiku waliwasha taa ionekane mpaka Kentucky. Kuna ngazi ndefu za kupandia. Nilipumzika mara tatu. Mwaka 1838, mto ukiwa umeganda barafu iliyoanza kupasuka, mama mmoja alivuka na mtoto wake mchanga akafika kwenye nyumba hii.

Lakini mimi nilimfuata John Parker. Nyumba yake iko chini, mtaa wa mbele, karibu na maji. Alizaliwa Norfolk, Virginia, 1827. Akiwa na miaka 8 alitenganishwa na mama yake, akauzwa, akatembezwa kwa minyororo mpaka Alabama. Akajifunza kusubu chuma, akawa anajilipia kidogo kidogo, na mwaka 1845 akamaliza kujinunua: dola 1,800. Alilipa fedha zote hizo ili awe mali yake mwenyewe.

Akahamia Ripley, akafungua kiwanda cha chuma, na baadaye akapata hataza, yaani hati za haki ya mvumbuzi, za mashine za kukandamiza tumbaku. Mchana kiwandani, usiku anapiga makasia kwenda Kentucky kuwatoa watu. Safari moja, bwana mmoja alishuku kwamba mtumwa wake na mkewe wanataka kutoroka, basi kila usiku akawa anamchukua mtoto wao mchanga na kumlaza miguuni pa kitanda chake, bastola ikiwa karibu. Alijua wazazi hawataondoka bila mtoto. Parker aliingia chumba kile akitambaa, akamchukua mtoto, na bwana alipoamka Parker alikuwa anakimbilia mtoni. Wakavuka wote wanne.

Sasa hapa ndipo penye jambo lililonishika. Sheria za Ohio za mwaka 1804 na 1807 zilimtaka mtu mweusi anayehamia awe na cheti cha mahakama kwamba yuko huru, na dhamana ya dola 500. Nyingi zilifutwa 1849. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya nchi nzima: ukimsaidia mtoro, faini mpaka dola 1,000 na jela miezi 6. Parker alikuwa na daftari la watu aliowavusha. Akalitupa kwenye tanuru la kiwanda chake. Nilisimama nje ya nyumba ile nikiwa na bahasha ya kibali changu ndani ya mkoba, siiachi siku hizi, nikalia.

Silinganishi. Mimi nilipanda ndege kwa hiari yangu, anayetaka kusema najifananisha na mtumwa asiniwekee maneno mdomoni.

Mnaoniuliza habari za vibali: mimi si mwanasheria, na faili lako si langu. Kwangu kosa lilikuwa kuomba tarehe zimekaribia. Wewe yako yanaweza kuwa mengine kabisa, muone wakili.

Na mlioko Ohio au Kentucky mkitaka kwenda, pigeni simu kwanza, maana nyumba hizi hufunguliwa sehemu ya mwaka tu. Mimi nilimkosa mtu wa kunifungulia kwa Parker. Nitarudi nikipata siku ya mapumziko. Leo naingia kazini saa tano usiku, acha nikalale kidogo.